Kisu Kisichoacha Kovu

Kamati ya Supu ya kanisa letu hapa Brannock ilikutana Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha chini cha kanisa, kuamua ubongo wa Pavlina Dzurko una thamani ya wiki ngapi.

Lilikuwa jambo zito, na lilikabiliwa kwa uzito wake: kwanza kahawa, kisha keki, kisha kahawa tena. Kamati ilikuwa na ratiba iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa ukutani karibu na jiko. Kidole tumbo, wiki mbili. Nyongo, wiki tatu. Kizazi, wiki sita. Moyo, wiki kumi na mbili. Aliyepasuliwa alipelekewa chakula nyumbani kila siku kwa muda wote huo, na hakutakiwa kuonekana kwenye meza ya pirohi. Kwenye meza hiyo wanawake wa kanisa walikaa kila Alhamisi, wakijaza viazi na jibini ndani ya unga, wakikunja, wakifinya kingo, mpaka zitimie pirohi elfu mbili za kuuzwa Ijumaa. Tangu kiwanda cha chuma kilipofungwa, pirohi ndizo zilizolipia joto la kanisa. Kukosekana mezani bila kupasuliwa kulizungumzwa kwa sauti ileile inayotumika kwa wizi.

Ubongo haukuwamo kwenye ratiba.

"Ubongo ni zaidi ya moyo," alisema Margita Sabol, mweka hazina.

"Inategemea ubongo wa nani," alisema Olena Hrinda, mwenyekiti. "Ungekuwa wa Metro tungempa siku mbili, tena moja ya safari."

Wanawake wakacheka. Bibi Justina, mama mzazi wa huyo Metro, aliweka kikombe chake chini. "Mwacheni mwanangu. Anayekatwa ni mkewe."

"Na wanamkata lini?"

"Jumatatu. Kule mjini, kwenye hospitali kubwa. Metro anasema wana kisu kipya."

Neno kisu lilimaliza ubishi. Kamati ikapiga kura, ikampa Pavlina wiki kumi, idadi ambayo haikuwahi kutolewa kwa mtu aliye chini ya miaka sitini.

* * *

Kisu chenyewe Metro alikuwa amekisikia wiki moja kabla, kwa masikio yake, na bado hakukielewa.

Pavlina ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani. Hatuna kinanda, kuna sauti ya mtu mmoja inayoanza, na wengine wanaifuata. Jumapili moja ya Septemba alianza zaburi, akafika katikati ya mstari, akanyamaza. Watu wakangoja, wakidhani anavuta pumzi. Akaanguka, mwili ukitetemeka. Hospitalini wakampiga picha za kichwa, na Daktari Whitcombe, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Ni fundo la mishipa ya damu. Amezaliwa nalo. Limekaa hapa, kando ya mahali maneno yanapotengenezwa. Likipasuka, damu inamwagikia ubongo."

"Litolewe," alisema Metro.

"Tunaweza kulitoa. Tunafungua fuvu, tunakata, siku hiyohiyo limekwisha. Lakini kwa mahali lilipo, anaweza kuamka akiwa hana maneno. Njia ya pili ni kisu cha mionzi. Tunakiita kisu, lakini hakikati. Mionzi mia mbili na mmoja, kila mmoja dhaifu, hauunguzi chochote njiani. Yote inakutana kwenye fundo tu. Hapo ndipo inapokuwa na nguvu."

"Na fundo linakufa?" aliuliza Pavlina.

"Linaziba. Polepole. Miaka miwili, wakati mwingine mitatu. Kwa watu wanane katika kumi linaziba kabisa. Lakini mpaka lizibe, linaweza kupasuka, kama linavyoweza leo."

Ndani ya gari, wakirudi, Metro hakuvumilia. "Yaani unalipa leo, mzigo unaletewa baada ya miaka miwili. Hata maduka ya makochi hayathubutu."

Pavlina akacheka mpaka akashika kichwa. Kisha akasema, "Nataka hiyo."

"Mama anasema ukatwe, yaishe."

"Mama hajaambiwa ataamka bubu." Waliingia kwenye daraja, na chini yao kiwanda kilikuwa kimelala na mabomba yake yenye kutu. "Metro, niahidi kitu. Likipasuka, usiwaruhusu wanifungue. Nikikosa maneno nitakuwa nani?"

"Utakuwa mke wangu."

"Nimekuomba ahadi, sikukuomba hotuba."

"Haya."

"Haya si ahadi."

Metro aliangalia barabara. "Nakuahidi," akasema.

* * *

Jumatatu walimfunga Pavlina fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, mbili za paji la uso na mbili za kisogoni. Metro alikuwa amekaza boliti kiwandani kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu hakujua afanye nini na hofu yake, alimuuliza muuguzi wanatumia spana namba ngapi. Muuguzi akamwonyesha. Metro akaishika kwa heshima.

Kisha wakamlaza Pavlina, wakaifunga fremu kwenye kofia kubwa la chuma lenye matundu mia mbili na moja, na wote wenye miguu mizima wakatoka chumbani. Hakuhisi kitu. Baadaye alisema kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kulala kimya huku pua inamwasha.

Kesho yake mchana aliingia nyumbani kwa miguu yake, amebeba mkoba wake mwenyewe.

Bibi Justina alikuwa ameshusha mapazia, ametandika kitanda cha sebuleni, amepika supu ya kuku, na amewasha mshumaa. Alimwangalia mkwewe kuanzia juu mpaka chini. Kulikuwa na plasta mbili ndogo kwenye paji la uso.

"Wamekukata wapi?"

"Hawakukata, mama. Ni mionzi."

"Kwa hiyo daktari alikuwa anafanya nini siku nzima?"

"Muda mwingi alikuwa anapiga hesabu," alisema Metro.

Bibi Justina akauzima mshumaa. Si kwa hasira. Mshumaa ulikuwa wa mtu aliyekatwa, na ni ghali.

Jioni hiyo Olena Hrinda alifika na sufuria ya kabichi iliyofungwa nyama na mchele. Aliishika mipini yote miwili na hakuiachia, hata Pavlina alipoipokea, kwa hiyo wanawake wawili wakasimama mlangoni wameshikilia sufuria moja.

"Hebu nione kidonda."

Pavlina akabandua plasta.

"Hiki tu?" Olena alisogeza miwani. "Shoga, mimi nikikuna chunusi natoka damu kuliko hivi."

"Ndani ndiko kuna kazi."

"Sawa. Lakini ndani sote tuna mambo yetu." Akaiachia sufuria. "Hii nimeshapika, kuleni."

Alhamisi asubuhi Margita Sabol alipiga simu. Alizungumza kwanza juu ya hali ya hewa, kisha juu ya bei ya jibini, na Pavlina akajua kuna jambo. "Kamati imekaa tena," alisema Margita mwishowe. "Mimi nilipinga, nataka ujue. Mimi na mwenzangu mmoja tu. Ratiba imeandikwa 'aliyepasuliwa', na wewe... Wamekupa siku tatu."

Pavlina akahesabu kwa vidole. "Siku tatu zimekwisha leo."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimepiga mapema."

Akavaa aproni, akaenda kufinya pirohi.

* * *

Kampuni ya bima ilikuwa na ratiba yake pia. Fomu iliuliza: urefu wa kidonda, kwa inchi. Metro alikaa nayo mezani muda mrefu.

"Andika sifuri," alisema Pavlina.

"Nikiandika sifuri watasema hukufanyiwa kitu."

"Andika ukweli, bwana. Usitutie jela kwa inchi."

Akaandika sifuri. Kampuni ikalipa kama kwa mtu aliyepigwa picha ya eksirei tu, na kilichobaki, dola elfu kumi na sita, kikaja kwenye bahasha yenye dirisha. Metro alikuwa sasa mlinzi wa maegesho kwenye duka kubwa, akilipwa kwa saa. Akaongeza saa.

Lakini deni halikuwaumiza kama kosa ambalo Metro alilifanya kwa bia mbili, wiki ileile ya kwanza, kwenye klabu ya wazee wa kiwanda. Walimuuliza mkewe anaendeleaje. Wote mezani walikuwa wamevuliwa kazi, kiburi na nusu ya pensheni, na Metro alikuwa na kitu kimoja kizuri cha kusimulia.

"Imekwisha," alisema. "Siku moja tu. Hakuna hata tone la damu."

Wakampongeza. Mmoja akamnunulia bia ya tatu.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulirudisha neno lile. Brannock tunajua kuugua, na tunajua kupona. Mtu hukatwa, hulala, huhesabiwa wiki, huinuka. Mtu anayepika, anayefua, anayeimba, huku ndani ya kichwa chake kitu kinaweza kupasuka Jumanne yoyote kwa miaka miwili, hatukuwa na mahali pa kumweka. Metro mwenyewe hakuwa na mahali. Asubuhi alikuwa akisimama nje ya mlango wa bafu mpaka amsikie mkewe akisukutua.

"Unafanya nini hapo?"

"Napita."

"Umepita kwa dakika kumi."

Mwezi wa tisa tangu mionzi, ubongo ukavimba kidogo kuzunguka fundo. Daktari Whitcombe alisema hutokea, akampa vidonge vilivyomvimbisha uso. Maneno yakaanza kumteleza. Alimwomba Bibi Justina "ngazi" alipotaka chumvi. Kanisani, Jumapili ya watu wengi, alitakiwa kuimba "rehema" akaimba "redio", kwa sauti nzuri, iliyonyooka, mara tatu kama desturi inavyotaka. Kwaya ikajitahidi. Kisha bega moja likatikisika, na lingine, na safu nzima ikainamia vitabu.

Pavlina aliimba mpaka mwisho. Nje, kwenye ngazi, Olena alimshika mkono. "Umenona usoni, afadhali. Lakini shoga, kama umechoka kuongoza nyimbo, sema. Usisingizie kichwa. Si ulishapona?"

"Nitakuambia nikipona."

"Haya basi," alisema Olena, na ilionekana wazi kwamba jibu hilo alilipokea kama tusi.

Nyumbani Bibi Justina alikuwa akimenya viazi. Kwa miezi yote hiyo hakuwa amesema lolote kuhusu kukata na kutokata, na kila mtu aliusikia ukimya huo. Sasa alisema bila kuinua macho, "Wamecheka?"

"Ndiyo, mama."

"Olena naye?"

"Huyo zaidi."

"Mumewe alitolewa bawasiri, akala chakula cha kanisa wiki nne." Akatupa ganda la kiazi kwenye ndoo. "Kaa. Nikupe ngazi ya supu."

Pavlina akacheka, kisha akalia, kisha akanywa supu. Kuanzia siku hiyo mama mkwe na mkwe walikuwa upande mmoja.

Uvimbe ukashuka, maneno yakarudi. Picha ya mwaka wa kwanza ilionyesha fundo limepungua nusu. Picha ya mwezi wa ishirini, Daktari Whitcombe aliinyanyua kwenye mwanga mwenyewe, hakumwachia msaidizi. "Sehemu nane katika kumi zimeziba. Nipeni miezi sita tu."

Metro alinunua keki njiani. Iliandikwa jina la mtoto wa mtu mwingine, ambaye hakuja kuichukua, kwa hiyo wakaipata kwa nusu bei. Walimwimbia huyo mtoto heri ya kuzaliwa, wote watatu, Pavlina akiongoza.

* * *

Alhamisi, mwezi wa ishirini na mbili, kabla ya saa tano, meza ya pirohi ilikuwa imejaa. Pavlina alikuwa kwenye ufinyaji, katikati ya Margita na mtungi wa unga. Alisimamisha vidole.

"Olena," alisema. "Nipe..."

"Nikupe nini?"

"Nipe hiyo..." Mdomo ulikuwa unatafuta. Alionyesha kwa mkono, na mkono ukaenda pasipo kitu.

"Nikupe wiki zako kumi?" alisema Olena, na meza nzima ikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli inachekesha na kwa sababu mikono ilikuwa imechoka.

Pavlina akalaza kichwa kwenye unga, taratibu, kama anayesikiliza kitu chini ya meza. Kicheko kiliendelea kidogo zaidi ya hapo. Margita ndiye aliyegeuka kwanza na kuona jicho moja limebaki wazi.

* * *

Metro alifika hospitali akiwa na sare ya ulinzi na tochi kwenye mkanda wa kiuno. Bibi Justina alikuwa ametangulia kwenye gari la Margita, na viatu vyake vilikuwa na unga. Daktari mpasuaji, kijana wasiyemjua, alikuwa na karatasi na kalamu.

"Damu inasukuma ubongo. Tukifungua sasa, tukaitoa, huenda akaishi. Maneno siwezi kuyaahidi, wala mkono wa kulia. Tusipofungua, hafiki jioni. Nahitaji sahihi yako."

"Alikataa kufunguliwa," alisema Metro.

"Ameandika popote?"

"Aliniambia mimi. Kwenye gari."

Daktari akangoja. Alikuwa mtu mwema. Hakuangalia saa, ingawa mguu wake uliitazama kwa niaba yake, ukigonga sakafu.

Metro akamgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi," alisema Bibi Justina. "Mimi nilisema akatwe tangu mwanzo. Sasa nimemjua, sisemi kitu. Kalamu unayo wewe."

"Aliniuliza atakuwa nani bila maneno."

"Nilisikia. Ukuta wa chumba chenu ni mwembamba, alikukumbusha kila mwezi."

Metro akachukua karatasi, akaiweka ukutani kwa sababu hapakuwa na meza, akatia sahihi. Kalamu ya kuandikia ukutani hukata wino; ilibidi alirudie jina lake mara tatu.

* * *

Daktari Whitcombe alikuja kuwatazama siku ya pili. Hakuanza na samahani, na Metro alimheshimu kwa hilo. Alisema fundo lote lilikuwa limeziba isipokuwa mshipa mmoja mwembamba kama uzi. Huo ndio uliopasuka.

"Tungekata mwanzoni?"

"Pengine angepona kabisa. Pengine angekuwa hivi alivyo leo, miaka miwili mapema. Sijui, bwana Dzurko. Ningejua ningekuambia."

Metro alifikiria ile miaka miwili. Zaburi, ngazi ya supu, keki ya mtoto wa watu. Alijaribu kuipima upande mmoja na uso wa mkewe upande wa pili, akashindwa kupima.

Pavlina aliletwa nyumbani baada ya wiki tano. Kovu lilianzia mbele ya sikio la kushoto, likapanda, likapinda nyuma ya utosi, lenye alama za pini kama njia ya reli. Mkono wa kulia ulilala mapajani. Alielewa kila kitu kilichosemwa. Hiyo iliwachukua watu muda kuiamini, wakawa wakimsemesha kwa sauti kubwa. Yeye hakusema neno. Alipojaribu, ilitoka sauti moja fupi, ileile kwa kila kitu, naye aliisikia, akaacha kujaribu.

Chakula kikaja. Sufuria tatu kwa siku, nne Jumapili. Olena Hrinda alileta yake mwenyewe, akasimama mlangoni, akaliona kovu. Akaiachia sufuria mapema mno. Bibi Justina aliidaka ikiwa njiani kwenda chini.

"Asante," alisema Bibi Justina. "Anapumzika."

Pavlina hakuwa anapumzika. Alikuwa ameketi jikoni, macho mlangoni, amesikia yote.

Kulikuwa na jambo ambalo watu wa nje hawakulijua. Kijiko kikiwa mkononi mwa Bibi Justina, Pavlina alifungua mdomo. Kikiwa mkononi mwa Metro, aliufunga. Hakukunja uso, hakugeuka; aliufunga tu, akamtazama mumewe kwa utulivu mpaka supu ikapoa. Metro alijaribu asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, siku kumi na nane mfululizo. Bibi Justina alikuwa akitoka jikoni wakati huo, akijifanya ana shughuli na nguo.

Siku ya kumi na tisa, Jumamosi mchana, Metro aliketi mbele yake na bakuli, lakini hakuinua kijiko.

"Nilikuahidi," alisema. "Nikavunja. Sitakudanganya kwamba sikukumbuka. Nilikumbuka vizuri, nikiwa nimeshika kalamu. Nilijua utanitazama hivi. Nikasema afadhali anitazame hivi."

Pavlina alikitazama kijiko.

"Sikufanya kwa ajili yako. Watu wanasema nilifanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa sababu sikujua nitarudi nyumbani nikamwambie nini mama." Akalisogeza bakuli kidogo. "Wala mimi mwenyewe, nijiambie nini."

Pavlina aliinua mkono wa kushoto, mkono usiozoea kitu, akanyoosha vidole. Metro akadhani anataka kushikwa, akampa mkono wake. Akausukuma pembeni. Alikuwa anataka kijiko.

Alikishika kama mtoto anavyoshika, kwa ngumi. Akakizamisha kwenye bakuli, akakiinua, na nusu ya supu ikamwagika kifuani kabla haijafika. Iliyobaki akainywa. Metro alichukua kitambaa kumpangusa. Pavlina akamtazama, na Metro akakiweka kitambaa mezani.

Akazamisha tena. Ilimchukua karibu saa nzima kumaliza bakuli, na Metro alikaa hapo muda wote, mikono magotini, akiangalia supu inavyomdondokea mkewe kifuani.